Harrier: tako la nyani ya 2.4 au Anaconda ya 2.0? Naomba uchambuzi wa kiufundi

Mzani wa Kati

Habari za leo wakuu.

Natafuta Harrier ya petroli ya kuzungukia Dar siku za kazi, na mara kadhaa kwa mwaka ipande Njombe na watu watano na mizigo. Nimebaki na mbili, kwa majina yake ya mtaani: tako la nyani ya lita 2.4 (kodi ya modeli ACU30W) na Anaconda ya lita 2.0 (ZSU60W).

Naomba kujua kama hii ya pili ni ile ile iliyobadilishwa sura, au ni gari nyingine kabisa. Kuna wanaosema Anaconda ni RAV4 iliyovaa suti. Pia injini na giaboksi ya kila moja huwa inaumwa nini, na dalili zake mtu anazionaje kabla hajatoa hela?

Majibu ya "chukua Anaconda, pisi kali" nimeshayasoma ya kutosha kwenye nyuzi nyingine.

---

Ukoo wa Bodi

Mkuu, anza na ukoo, maana jina ni moja ila koo ni mbili.

Harrier ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1997. Mapema mwaka huo Toyota walikuwa wameshaionyesha kule Chicago kama gari ya maonyesho ya Lexus, chapa yao ya kifahari, iliyoitwa SLV, na 1998 Wamarekani wakaanza kuuziwa gari hiyo hiyo kwa jina la Lexus RX 300. RAV4 ya 1994 ilikuwa imetangulia, lakini ile ilikuwa ndogo na ya vijana. Harrier walichukua msingi wa Camry, injini imekaa kwa upande na inavuta kwa mbele, wakainua bodi na kuweka ndani vitu vya gari ya kifahari. Prado ina chesisi ya chuma inayojitegemea chini, Harrier haina, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ndiyo maana kwenye lami inatulia kama gari ya saluni, na ndiyo maana ukiipeleka kwenye makorongo kila wiki inakula bushi.

Hiyo ya kwanza, tunayoiita old model, ilikuja na 2.2 (5S-FE) na 3.0 V6, yaani silinda sita (1MZ-FE). Mwishoni mwa mwaka 2000 ile 2.2 ikaondolewa, ikaingia 2.4 (2AZ-FE).

Februari 2003 ndipo ikaja tako la nyani. Bado ni ukoo wa Camry na bado ni Lexus RX kwa jina la Kijapani. Urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulitoka milimita 2,615 ukafika 2,715, na nafasi hiyo iliyoongezeka inaonekana kwa abiria wa nyuma. Injini zilikuwa 2.4 ya farasi 160 na 3.0 ya farasi 220. Mwaka 2005 ikaongezwa haibridi ya 3.3, na 2006 ile 3.0 ikapisha 3.5 (2GR-FE) ya farasi 280.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu wengi wanapigwa hapa. Januari 2009 Lexus RX mpya ilipoingia Japani, ilienda zake kwa jina la Lexus. Harrier haikupewa bodi mpya. Ile 2.4 iliendelea kuuzwa na bodi ya 2003 hadi 2013. Kwa hiyo tako la nyani ya 2011 na ya 2004 ni muundo mmoja. Unapolipia mwaka, hakikisha unalipia hali ya gari, maana teknolojia haikusogea.

Anaconda ilizinduliwa Desemba 2013, na hapo ukoo umebadilika. Msingi wake unatokana na RAV4 ya kizazi kile kile, na ekseli zimesogeleana hadi milimita 2,660, yaani pungufu ya 55 kuliko tako la nyani. Wanaosema ni RAV4 iliyovaa suti hawajakosea sana, ila wanasahau kwamba suti yenyewe ni nzuri: ukimya wa ndani, viti na dashibodi vimepanda daraja. Juni 2017 iliguswa sura, ikaongezewa toleo la turbo ya 2.0 (8AR-FTS) la farasi 231 na giaboksi ya kawaida ya gia 6. Juni 2020 kikaja kizazi cha nne chenye msingi mpya wa Toyota uitwao TNGA, ambacho Amerika Kaskazini kiliuzwa kama Venza.

Tofauti nyingine haionekani kwenye picha za matangazo. Tako la nyani ina strati (shokapu na springi kwa pamoja) mbele na nyuma. Anaconda ina strati mbele, lakini nyuma ina mikono miwili juu na chini kila upande. Inatulia vizuri zaidi kwenye kona, ila bushi za nyuma ni nyingi za kubadilisha siku zikichoka.

---

Torki Kwanza

Mimi niongelee 2AZ-FE, injini ya 2.4 ya tako la nyani, maana inasifiwa kuwa haifi, na sifa hiyo ina mipaka.

Inatumia cheni, kwa hiyo hakuna beliti ya taimingi ya kubadilisha. Ina torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 220 hivi kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Ile 2.0 ya Anaconda ni Nm 193, na uzito wa gari hizi mbili haupishani sana, zote ni tani moja na nusu na ushee. Kwenye mlima Kitonga na watu watano utaisikia tofauti.

Magonjwa yake makubwa ni mawili, na yanagawanyika kwa miaka.

La kwanza ni nyuzi za boliti za silinda hedi. Boliti za upande wa ukuta wa kabini zinashika kwenye bloku ya aluminiamu. Injini ikichemka mara kwa mara, nyuzi za kwenye bloku zinalegea, hedi inakosa mkazo na maji yanapenya kwenye gasketi. Lawama nyingi zimetoka kwenye Camry za 2002 hadi 2006 zenye injini hii hii. Dalili: maji yanapungua kwenye rejeta bila kuona yanapovuja, halafu ukimulika tochi nyuma ya injini, juu ya eksozi, unaona ukoko mweupe au wa pinki uliokauka. Fundi akikwambia "tubadilishe gasketi tu", mkatalie. Gasketi mpya kwenye nyuzi zilizoliwa haidumu. Dawa ni kutoboa matundu ya boliti na kufunga nyuzi za chuma, yote kwa pamoja hata kama yaliyolegea ni matatu, kisha kuweka gasketi mpya na boliti mpya, na hedi ipelekwe kwa wenye mashine wapime kama haijapinda.

La pili ni kula oili, na hili limewakuta zaidi waliotoka 2006 kwenda mbele. Ringi ya oili na vitundu vya pistoni vya kurudishia oili chini vinaziba kwa masizi, oili inabaki ukutani mwa silinda na inaungua. Kule Marekani Toyota waliongeza muda wa dhamana ya injini hii kwa modeli za 2007 na kuendelea, na kipimo kilikuwa kwamba inayokula zaidi ya takribani lita 1 kwa kilomita 1,900 inahesabiwa mbovu. Kumwaga oili nzito ya 20W-50 kunapunguza moshi kwa muda tu, na muuzaji mjanja anaijua hiyo. Washa, iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika tano hadi kumi, halafu mtu akanyage ghafla wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu ukitoka kwa wingi, hesabu gharama ya pistoni na ringi kwenye bei.

Kabla hujahukumu ringi, mwambie fundi atoe vali ya PCV, ile ya kupitisha mvuke wa ndani ya injini, aitikise. Isipolia imekwama, na ni spea ya bei ndogo inayoweza kuleta dalili hiyo hiyo.

Giaboksi ni ya gia 4 na ni ngumu. Inataka ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) aina ya T-IV. Ina kijiti cha kupimia, kwa hiyo kagua mwenyewe: oili iwe nyekundu na isinuke moshi. Ukimwaga kwa kufungua nati ya chini inatoka kama lita 3.5 hadi 4 tu, nyingine inabaki ndani ya toki konveta. Isipobadilishwa miaka mingi, usiisafishe kwa mashine ya presha. Mwaga na ujaze, tembea wiki kadhaa, rudia.

---

Kijiti cha Oili

Torki umesema kweli, ila hiyo Nm 220 inasukumwa na gia 4. Anaconda ina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, inaishikilia injini kwenye mzunguko inaoutaka muda wote wa kupanda. Pengo lipo, lakini ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Kinachowaudhi watu ni kelele: injini inapiga 4,500 bila kushuka hadi mlima uishe.

Tuje kwenye 3ZR-FAE, injini ya 2.0 ya Anaconda. Hiyo A kwenye jina inatokana na Valvematic. Badala ya kuachia kipepeo cha hewa kifanye kazi yote, injini inabadilisha kimo cha kufunguka kwa vali za kuingizia hewa. Inaokoa mafuta kweli. Kwenye upande wa hedi kuna kidhibiti chenye mota na saketi zake, na hicho ndicho kinachokufa. Taa ya injini inawaka, gari inakosa nguvu, na skana inatoa kodi ya hitilafu P1047 au jirani yake. Spea hii ni ghali, na iliyong'olewa kwenye gari lililochinjwa ni bahati nasibu. Ukifunga nyingine lazima ioanishwe kwa skana inayoelewa Toyota, la sivyo taa haizimi. Sehemu yote hiyo inaogelea kwenye oili, kwa hiyo oili chafu inaichosha mapema. Weka 0W-20 au 5W-30, lita 4.2 pamoja na filta. Kwa foleni za Dar usipitishe kilomita 5,000 hadi 7,000. Ukiona mtu kaweka 40 au 50 kwenye injini hii, jiulize anaficha nini.

Pampu ya maji nayo huvuja ikizeeka. Angalia ukoko wa pinki upande wa beliti.

CVT haina kijiti cha kawaida. Kimo cha oili kinapimwa kwa nati ya kufurikia chini, gari ikiwa sawa kwenye jeki nne, injini ikinguruma, na joto la oili likiwa kati ya nyuzi 35 na 45 kwa kusoma kwenye skana. Fundi asiye na skana afanye hivi: akimwaga, apime kilichotoka kwenye chupa yenye alama, arudishe kiasi kile kile. Oili iwe ya CVT ya Toyota, TC au FE kama kitabu cha gari kinavyosema. T-IV humo ndani ni sumu, mkanda wa chuma unateleza na haurudi. Muda wa kubadilisha ni kila kilomita 40,000 hadi 50,000, hata kama mtu atakwambia ni ya maisha yote.

Unapoijaribu, endesha kwanza dakika 20 ipate moto. Halafu tembea taratibu kwa kilomita 20 mpaka 40 kwa saa, kanyaga kidogo na uachie. Ikitetemeka kama inapita kwenye matuta madogo, au ikivuma kwa sauti inayopanda na mwendo, iache. Ukiweka R na ikachelewa kushika zaidi ya sekunde moja hivi, iache pia.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: Anaconda ina mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, kwa hiyo inataka betri ya aina hiyo, nyingi zimeandikwa Q-85. Ukifunga ya kawaida itakufa mapema na utaanza kubadilisha staata bila sababu.

---

Shoki Mbele

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu, niongeze upande wa karatasi, kwani bei ya mnadani Japani si bei ya barabarani.

Kwetu Kenya swali lako halipo kabisa kwa anayeagiza. Gari kuukuu haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Harrier ya 2003 hadi 2013 unainunua tu kwa mtu aliyekuwa nayo hapa. Hapo unanunua matumizi ya makanika watatu au wanne, na kila mmoja ana mafuta yake aliyopenda kuweka.

Kwenu Tanzania mnaruhusiwa, lakini mfuko ndio unaoamua. Ushuru wa bidhaa unapanda kwa ukubwa wa injini: cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, kupita hapo ni 10. Ile 2AZ ni cc 2,362, 3ZR ni cc 1,986. Juu yake kuna tozo ya uchakavu kwa gari lililopita miaka 8, na inapanda tena likipita 10. Ingiza kila moja kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujapenda rangi.

Kuhusu V6, ambayo hukuuliza lakini utashawishiwa: 3.0 ina beliti ya taimingi ya kubadilisha kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na puli zake. Plagi tatu za nyuma haziguswi mpaka utoe manifoldi ya juu, basi makanika mvivu anabadilisha za mbele tatu na kukutoza sita. 3.5 ina cheni, lakini za mwanzo zina mpira kwenye bomba la oili la VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka. Mpira ukipasuka, oili yote inamwagika kwa dakika chache na injini inakufa. Lipo bomba la chuma tupu la kuweka badala yake. Ukikuta la mpira, badilisha kabla ya safari ya kwanza.

Turbo ya 2017 ni tamu, ila Wajapani waliiandikia petroli ya oktani ya juu. Usiihukumu kwa bei ya gari tu.

---

Mzani wa Kati

Asanteni sana wakuu, hii ndiyo niliyoitaka. Swali la nyongeza: tangazo moja linasema "Harrier 240G 4WD, full option, air suspension". Nitajuaje kama kweli ni 4WD? Na hiyo air suspension ni faida au msiba?

---

Ukoo wa Bodi

Soma bamba la modeli, lililoko kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango. Kabla ya kistari kuna herufi za viwango vya moshi (UA, CBA, DBA na kadhalika), ruka hizo. Baada yake ndipo penye habari.

Kwa tako la nyani ya 2.4, ACU30W ni ya kuvuta mbele na ACU35W ni 4WD. Kwa Anaconda ya 2.0, ZSU60W ni mbele na ZSU65W ni 4WD. Turbo ni ASU60W na ASU65W kwa mpangilio huo huo, na haibridi ya kizazi hicho ni AVU65W, na haibridi hizo zote ni 4WD. Kwenye bamba hilo hilo injini imeandikwa. Bamba likisema 2AZ-FE na kadi ya gari ikasema cc nyingine, usiendelee na mazungumzo.

Usipoamini bamba, chungulia chini. 4WD ina propela shafti na difu nyuma. ACU30W haina kitu hapo katikati zaidi ya eksozi.

Mfumo wa 4WD nao si mmoja. Tako la nyani inasukuma magurudumu yote muda wote, kuna difu ya kati na kopling'i ya oili nzito inayobana tairi zikiteleza. Anaconda inavuta kwa mbele, na kompyuta ndiyo inayoita nyuma inapohitaji. Kwenye tako la nyani ya 4WD tairi zote nne ziwe za saizi na uchakavu mmoja. Ukichanganya mbili mpya na mbili vipara, difu ya kati inafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka na inaungua. Oili ya transifa (kasha linalopeleka nguvu nyuma) na ya difu ya nyuma ni ya gia, 75W-90 au 85W-90 ya GL-5, na kila upande haifiki hata lita moja na nusu. Hii ndiyo oili inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu mafundi wengi wanadhani transifa inatumia ile ya giaboksi.

Kwa Dar–Njombe ya lami, ya kuvuta mbele inakutosha na inakunywa kidogo zaidi.

---

Torki Kwanza

Air suspension: msiba, isipokuwa uwe na bajeti ya Lexus. Kwenye tako la nyani inajulikana kama AIRS. Mifuko ya mpira inapasuka kwa umri, kompresa inajaza bila kupumzika hadi inaungua, na asubuhi unaikuta gari imelala upande mmoja. Mtihani wake ni rahisi: iache usiku mzima imezimwa, pima kwa tepu kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, kona zote nne. Kona iliyoshuka inavuja. Wengi huishia kubadilisha kuwa springi na shokapu za kawaida. Hilo linawezekana na linadumu, ila taa ya onyo kwenye dashibodi inabaki hadi mfumo uzimwe vizuri.

Vingine vya kukagua kwenye tako la nyani: stering raki huvuja oili. Binya kibuyu cha mpira pembeni ya raki, kikiwa kimejaa oili, raki imekwisha. Anaconda ina usukani wa umeme, haina ugonjwa huo. Taa za zenoni za tako la nyani zinajipanga zenyewe kwa kusoma kimo cha gari kupitia kijiti kidogo kwenye mkono wa nyuma. Kikikatika taa zinamulika chini, na mafundi wanakuuzia balbu.

---

Kijiti cha Oili

Mkuu Mzani, kwa kupanda Njombe na mzigo ningechukua ACU30W ya 2004 au 2005 ambayo historia ya kuchemka inaweza kuthibitishwa, lakini kama unaagiza moja kwa moja kutoka Japani, hesabu ya ushuru itakusukuma kwenye ZSU60W na si vibaya. Mwambie wakala akutumie karatasi ya mnada yenyewe. Alama R au RA maana yake ilishagongwa na kutengenezwa, hata kama picha zinang'aa.

Redio ya Japani inaanzia 76 na kwenye gari nyingi za miaka hii inaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kabla hujang'oa skrini nzima, funga kipanua bendi kwenye waya wa antena. Kwenye Anaconda vitufe vya AC ni vya kugusa kwenye paneli iliyo chini ya skrini, kwa hiyo fundi redio anayechokonoa na bisibisi hapo anaweza kukuachia gari isiyo na AC. Tafuta anayeijua.

Na ukienda kuikagua yoyote, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye kifuniko cha injini. Kikiwa cha moto saa mbili asubuhi, sema utarudi kesho.